Sikio la Kwanza

Mtu aibiwapo mbuzi, majirani humwuliza mwizi alielekea wapi. Mtu aingiliwapo kwa nguvu, majirani hao hao humwuliza yeye alikuwa akielekea wapi, saa ngapi, na kwa nguo gani. Swali la kwanza humfuata mkosaji. La pili humfuata mkosewa. Je, asikiaye habari kama hii ana wajibu gani?

Swali hili si dogo, maana jawabu lake huingia katika afya ya mtu. Mwaka 2000 Sarah Ullman, mtaalamu wa Marekani, alitoa hojaji ya kupimia majibu wapewayo wafichuao dhuluma hiyo: kulaumiwa, kutosadikiwa, kuambiwa wasahau, kuamuliwa mambo yao, au kusadikiwa, kufarijiwa na kusaidiwa. Uchunguzi umeonyesha mara kwa mara kuwa majibu mabaya huandamana na majinamizi, hofu na huzuni nzito zaidi, na kuwa majibu mema hayana nguvu ya kuponya iliyo sawa na nguvu ya yale mabaya kuumiza. Sababu haifichiki. Aghalabu mkosewa amekwisha kujihukumu usiku kucha. Lawama ya mama au ya rafiki humjia kama shahidi wa pili, na kesi ya uongo juu ya nafsi yake hukamilika. Baada ya hapo wengi hunyamaza. Kimya hakiponyi jeraha, hulifunika tu.

Hata upendo huweza kukosea. Ndugu amburutaye dada yake kituo cha polisi bila ya ridhaa yake humnyang'anya tena kile alichonyang'anywa kwanza, yaani hiari.

Yupo atakayeuliza: akisadikiwa kila asemaye, asiye na hatia atalindwa na nani? Hofu hiyo ni ya haki, lakini mahali pake ni mahakamani. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 iliruhusu mahakama kutia hatiani kwa ushahidi wa mkosewa peke yake, kwa sharti kwamba iridhike kuwa asema kweli tupu, na sababu ziandikwe. Mizani hiyo ni ya hakimu. Jirani hakupewa kuhukumu. Amepewa kusikiliza, kuuliza mwenziwe ahitaji nini, na kumsindikiza hospitali mapema akiridhia, maana dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI yapasa ianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Kumsadiki aliaye hakumtii mtu yeyote gerezani. Kumkana kwaweza kumfunga aliaye ndani ya nafsi yake miaka mingi.