Aibu ya Gari na Aibu ya Muuzaji

Katika vitabu vya fikihi, kasoro ya kitu kilichouzwa huitwa aibu, na haki ya mnunuzi kukirudisha huitwa hiari ya aibu. Msemaji wa Kiswahili anayekutana na istilahi hii kwa mara ya kwanza hushtuka kidogo, kwa kuwa kwake yeye aibu hukaa usoni mwa mtu, haikai kwenye gia boksi. Mshtuko huo una faida, maana swali la gari bovu ndilo hilo hasa: ubovu ni wa chombo au ni wa mtu? Gari lililonunuliwa Jumamosi likaanza kuchemsha Jumanne huenda liliuzwa na laghai, na huenda liliuzwa na mcha Mungu asiyejua lolote. Mnunuzi aliyesimama kando ya barabara, boneti juu, akisubiri rejeta ipoe, hana njia ya kujua ni yupi kati ya hao wawili.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hujibu kwa kutenganisha mambo mawili ambayo hasira huyachanganya: dhambi na dhima. Dhambi hufuata kujua. Muuzaji aliyejua kwamba gasketi ya silinda imeungua akanyamaza ametenda haramu. Dhima hufuata wakati. Kama ila ilikuwapo kabla mnunuzi hajakabidhiwa gari, anaweza kulirudisha na kudai fedha zake, muuzaji awe alijua au hakujua. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo wa karne ya 13, alifika karibu na hapo kwa njia yake: asiyejua ila ya bidhaa yake hana dhambi, lakini akishaijua anawajibika kumfidia mnunuzi. Alikubali pia kwamba ila inayoonekana kwa macho haihitaji kutangazwa, mathali farasi chongo, ilmradi bei iwe imeshuka kwa kiasi chake.

Si kila dosari ni aibu. Imam Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo aliyefariki mwaka 1277, anaeleza katika Minhaj al-Talibin kwamba aibu ni jambo linalopunguza kitu chenyewe au thamani yake kiasi cha kumkosesha mnunuzi lengo la haki, nalo liwe jambo ambalo kwa kawaida halipo katika bidhaa za aina hiyo. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye kazi kubwa katika soko la Dar es Salaam au Mombasa, ambako “gari jipya” mara nyingi ni gari lililokwisha kutembea miaka kadhaa huko Japani. Mkwaruzo kwenye bampa na kiti kilichopauka ni umri tu. Gia inayoingia kwa kishindo hadi abiria wakatikisika si umri. Katikati pana injini inayokula oili, na hapo maneno ya mnunuzi na muuzaji hayatoshi; hukumu huwategemea wajuzi wa kazi, yaani mafundi.

Udanganyifu una sura yake ya zamani. Hadithi mashuhuri ya Mtume inakataza kuwaacha ngamia na mbuzi bila kukamuliwa ili viwele vijae siku ya kuuzwa. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo, akishamkamua, ana hiari: amweke, au amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyapata. Jamaa wa leo wa udanganyifu huo wako gereji: oili nzito iliyomiminwa usiku wa kuamkia siku ya mteja ili injini isigonge, injini iliyooshwa hadi pasionekane panapovuja, taa ya injini iliyofutwa kwa kompyuta asubuhi ikawaka tena kabla ya magharibi. Katika yote hayo hakuna aliyesema uongo kwa kinywa. Kiwele ndicho kilichosema.

Je, na asiyefanya lolote ila kunyamaza? Cicero, mwandishi wa Kirumi, katika kitabu chake cha wajibu cha mwaka 44 KK, anasimulia ubishi wa wanafalsafa wawili wa Kistoa kuhusu nyumba yenye kasoro ambazo mwenyewe tu anazijua. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji hulazimika kutaja yale tu ambayo sheria inamtaka ayataje. Kunyamaza si kuficha. Antipater wa Tarso alimtaka aseme yote. Cicero alisimama na Antipater, na hoja yake ni nzuri kuliko jina la yeyote: kuficha ni pale mtu anapotaka wengine wasijue alijualo kwa sababu kutojua kwao kunamtia yeye faida.

Wauzaji wengi hujikinga kwa neno moja: “Unalichukua kama lilivyo.” Kinga hiyo nayo ni ya zamani. Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa kasoro (mfano wa zama zake, na leo unauma kuusoma). Mnunuzi akalalamika kuwa mtumwa ana ugonjwa. Khalifa Uthman akamtaka muuzaji aape kwamba hakuujua. Bin Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake, na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Kutokana na kisa hiki, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba sharti hilo humwokoa muuzaji mahali pamoja tu: ila ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, kwa kuwa mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa.

Basi gari ni mnyama, au ni kama nguo isiyo na msamaha huo? Injini hufanana na tumbo la ng'ombe, imefungwa na hubadilika hali kwa safari moja. Lakini mgandamizo wa silinda hupimika, na kompyuta husoma hitilafu kwa dakika chache. Mwenye yadi aliye na fundi na vifaa hivyo ana udhuru mwembamba kuliko mfugaji.

Mnunuzi naye ana masharti. Akigundua aibu hana ruhusa ya kungoja. Nawawi anafika hadi kwenye tandiko: aliyejua ila ya mnyama akamwachia tandiko mgongoni amepoteza haki yake, kwa kuwa ameendelea kumtumia. Hata hivyo anasamehewa kumpanda mnyama mkaidi asiyekubali kuswagwa wala kukokotwa. Kwa gari, anayeliendesha kwenda kulirudisha yadi yumo katika haki. Anayelipeleka harusini kwanza hayumo. Matumizi ya kabla ya kugundua hayalipiwi kodi, kwa sababu katika siku hizo gari lingeteketea, hasara ingekuwa yake.

Kesi ngumu zaidi ni ila ambayo hakuna mtu wa karibu aliyeijua. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilitumia nitrati ya amonia, ambayo huharibika kwa miaka mingi ya joto na unyevu hadi kijazio cha mfuko kikapasuka na kurusha vipande vya chuma. Mwaka 2017 kampuni hiyo ilikiri kosa la ulaghai mbele ya mahakama ya Marekani kuhusu taarifa za majaribio. Aliyejua alikuwa kiwandani. Mwenye yadi ya Mombasa hakujua. Fikihi humruhusu mnunuzi kumrudia muuzaji wake, na muuzaji kumrudia aliyemuuzia, lakini mnyororo huo huishia kwenye mnada ng'ambo ya bahari, na hasara hubaki yadi bila dhambi yoyote. Hali hiyo hudumu hadi mwenye yadi atakapoingiza namba ya chesi kwenye orodha ya mtengenezaji na kuambiwa kwamba mfuko haujabadilishwa. Akimuuzia mteja mwingine gari hilo pasipo kumwambia, dhima yake imepata na dhambi.