Mwenye Silaha Aingie, au Angoje?

Mtu asiye askari, naye ana bunduki kwa kibali cha Serikali, akisikia risasi zikilia sokoni na watu wakipiga mayowe, je, yampasa kuingia, au kukaa kando hata polisi waje? Wako wasemao, Angoje, kwa kuwa upanga wamepewa wenye mamlaka, wala si kila mtu. Wako wasemao, Awezaye kuokoa naye akakaa kitako, amekwisha kushiriki katika kuua. Maneno haya yote mawili yana nguvu, wala hatupendi kulitupa lo lote katika hayo kabla ya kuyatazama mambo yaliyotukia.

Huku kwetu swali hili si geni. Askofu Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, hapakuwa na boma wala askari wa kuwalinda. Septemba 1882 Magwangwara waliushambulia mji ule, wakachoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka. Na kazi ya misheni ikahamia Newala, karibu na Matola. Wala si mambo ya kale tu. Oktoba 2020 watu wenye silaha walitoka ng'ambo ya Ruvuma, wakavamia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Basi asemaye kwamba raia asishike silaha kamwe, na atuambie kwanza mlinzi yuko umbali gani. (Kweli, wenye bastola hapa uwandani ni wachache, silaha tuijuayo zaidi ni gobole la kufukuzia nguruwe katika mihogo.)

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nairobi. Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, mchana, watu wanne wa al-Shabaab waliingia katika jengo la maduka liitwalo Westgate, wakaanza kuwapiga watu risasi. Waliotangulia kuingia kuokoa hawakuwa jeshi. Walikuwa askari wachache, wengine hawakuvaa sare, pamoja na raia wenye bastola za kibali. Mmoja wao Abdul Haji, ambaye ndugu yake alikuwa mle ndani. Walikwenda duka kwa duka, wakawatoa wake kwa waume na watoto. Kikosi maalumu cha polisi kiliingia alasiri, baada ya saa nyingi kupotea. Kisha likaja jeshi. Na katika machafuko yale wanajeshi wakawapiga risasi polisi, na kiongozi mmoja wa kikosi kile akafa. Wakatoka nje, na wauaji wakapata nafasi. Mambo yalikwisha siku ya nne; waliouawa, mbali na wauaji wenyewe, walikuwa 67.

Hapo ndipo penye ugumu. Waliopigana wao kwa wao walikuwa watumishi wa Serikali moja. Ikiwa hao hawakutambuana, atatambuliwaje mtu aliyevaa shati la nyumbani na bastola mkononi? Tena Dar es Salaam, tarehe 25 Agosti 2021, karibu na ubalozi wa Ufaransa, mtu mmoja aliwaua polisi watatu na mlinzi mmoja, akachukua bunduki za polisi aliowaua. Mpita njia aliyefika dakika ile, naye ana silaha, angemwona mtu mwenye bunduki ya Serikali, angemdhania nani? Hata Petro pale bustanini alichomoa upanga kwa moyo wa upendo, akampata mtumwa, akamkata sikio. Yeye alikuwa na Bwana wa kuliponya sikio lile papo hapo.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba ruhusa ya raia kuingia yatoka katika kukosekana kwa askari, nayo yakoma askari afikapo. Saa hiyo na aweke silaha chini, ainue mikono, aseme ayajuayo. Tena ajue kwamba aingiapo amekubali hatari mbili, ya adui na ya rafiki asiyemjua. Hatumwiti mpumbavu.

Lakini amwambiaye raia, Ngoja, amempa ahadi. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, wauaji waliingia chuo kikuu alfajiri. Kikosi maalumu kilitoka Nairobi, kikaingia bwenini jioni. Na kilipoingia hakikuchukua muda mrefu kumaliza kazi. Watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wanafunzi. Sisi tulio walimu hatuwezi kuisoma hesabu hiyo upesi.

Basi polisi wa wilaya zetu na wawajue kwa sura wenye vibali wote, na makamanda wa mgambo pia, kata kwa kata. Wapatane mapema nani ataamuru, na kwa ishara gani raia atajulikana gizani. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi: yataka siku moja ya mkutano, na daftari ambalo polisi wa zamu aweza kulifungua usiku.