Uwongo Hufuata Msiba

Shetani hamwendei Mkristo katika siku ya furaha akamwambia aiache dini yake. Humngojea msibani. Mtoto amefariki kwa homa, ng'ombe wamekufa, nyavu zimerudi tupu toka ziwani. Ndipo hutokea mtu wa kunong'ona kwamba mambo hayo yana mwenyewe, na kwamba yuko mpiga ramli awezaye kumtaja.

Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria twayajua matunda ya ramli hiyo. Katika Mwanza, Shinyanga na Geita, wanawake wazee wengi wamekatwa kwa mapanga, na mara nyingi ushahidi pekee ulikuwa macho yao mekundu. Bibi aliyeinamia mafiga miaka hamsini, akipika kwa kuni, na penye uhaba wa miti kwa samadi kavu ya ng'ombe, atakosaje macho ya namna hiyo? Alama ya utumishi wake kwa jamaa yake imegeuzwa kuwa shtaka la kumwua. Kisha, kuanzia miaka ya 2006 na 2007, watu wenye ualbino nao wakawindwa, kwa kuwa waganga walinena kwamba viungo vyao huleta dhahabu na samaki.

Serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi Januari 2009, na Januari 2015 ikawapiga marufuku wapiga ramli. Tunashukuru. Lakini sheria humkamata mwuaji. Haimfikii yule anayepokea Komunyo Jumapili na usiku akabisha hodi kwa mwaguzi. Huyo dhamiri yake ndiyo itakayomzuia.

Tutautambuaje basi udanganyifu, maana huchanganywa na kweli? Mtoto amefariki kweli. Macho ya bibi ni mekundu kweli. Uwongo umo katika kuyaunganisha mawili hayo. Mtume Yohane alituonya tuzipime roho kabla ya kuzisadiki, naye Bwana wetu alitupa kipimo cha matunda. Neno litokalo kwa Mungu haliogopi kuulizwa mchana mbele ya watu, wala halimfundishi mwana kumchukia mama yake.

Wako watakaosema kwamba wazee wetu walitibiwa kwa mizizi. Ndivyo, na mizizi si dhambi. Anayechemsha majani kwa ajili ya tumbo hatumlaumu. Tunamkataa yule anayetaja jina la jirani.

Wala tusidhani kwamba rozari shingoni yatosha kuwa kinga. Huko Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililodai kupata maono ya Bikira Maria, na kati ya viongozi wake alikuwamo aliyepata kuwa padre. Wafuasi walikuwa wamekatazwa mazungumzo, wakawasiliana kwa ishara. Mahali ambapo hapana ruhusa ya kuuliza, uwongo hauna wa kuufichua.

Enyi wazazi, zungumzeni na watoto wenu juu ya mambo haya kabla msiba haujafika. Na ukifika, mwiteni tabibu awaeleze ugonjwa, mwiteni padre asali pamoja nanyi, na huyo bibi mketisheni katikati yenu. Mtoto mnayemlilia ni mjukuu wake.