Akili ni Amana

Huku kwetu Ruanda wako wasemao kwamba bangi humwongezea mkulima nguvu za jembe. Na tuwaulize: je, humwondolea nini?

Huko Dunedin, Nyuzilandi, wataalamu waliwafuata watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, wakawapima akili utotoni na tena walipotimiza miaka 38. Mwaka 2012 walieleza ya kuwa walioanza bangi ujanani, wakaishika miaka mingi, akili zao zilipungua. Na hata walioiacha hawakurudishiwa zote. Wengine wamebisha juu ya sababu, lakini hakuna aliyeona kwamba bangi yaongeza akili.

Mtumwa yule aliyeifukia talanta yake alikemewa, ingawa aliirudisha nzima. Aiunguzaye yake kwa moshi atamrudishia Bwana nini?

Basi wazazi na walimu, tusimfukuze kijana aliyenaswa. Twende shambani kwake, tushike jembe pamoja naye, tumwonye kwa upole kungali mapema. Maana yeye naye ni amana tuliyokabidhiwa, nasi tutaulizwa habari zake.