Msongamano Tusiuite Kero

Jioni moja wiki hii, ndani ya daladala ya Mbagala, mama aliyebeba mtoto mgongoni alimwomba konda asipakie tena. Watu walishaanza kuning'inia mlangoni. Konda akamjibu, "Mama yangu, kero ndogo hizo, vumilia tu." Abiria wakacheka. Mtoto alikuwa analia, shavu limebanwa na begi la mtu. Hilo neno kero halijanitoka kichwani.

Limenikumbusha neno la Kiingereza, pester. Siku hizi maana yake ni kusumbua, kama mtoto anavyomganda mama yake akidai pipi. Lakini lilipoingia katika lugha hiyo, karne ya 16, liliweza pia kuwa na maana ya kujaza mahali watu au vitu hadi pasiwe na pa kugeukia. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, ambao kwao lilikuwa kunasa na kutatiza, na nyuma yake kuna neno la Kilatini la kamba ya kumfunga mnyama miguu malishoni ili asiende mbali. Kamba hiyo ilipewa jina kutokana na mchungaji, pastor, yule yule aliyetupatia pasta wa makanisani. Baadaye maana ya kubanwa ikafifia kabisa, ukabaki usumbufu.

Najua atatokea wa kuniuliza: historia ya Kiingereza inamsaidia nini mtu anayegombea gari saa moja usiku? Magari hayatoshi, na konda anadaiwa hesabu na tajiri wake. Yote kweli. Hata hivyo nasisitiza kwamba inatuhusu, kwa sababu nasi tumeteleza pale pale. Aliyebanwa asiweze kuinua mkono amefungwa, nasi tunamwambia amekerwa. Kero huvumiliwa. Kero husubiri kikao, husubiri bajeti, husubiri ziara ya kiongozi.

Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio, watu wametoka Bugorora na mizigo yao, na kivuko kikaondoka kimejaa hivyo hivyo. Wakati huo Kanda ya Ziwa ilikuwa bado inaikumbuka MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, nayo ikiwa imebeba kupita uwezo wake. Miaka 22 ilikuwa imepita, na hatukuwa tumejifunza kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga.

Kwa hiyo sikubali tena kuambiwa nivumilie. Anayeondoa chombo kilichozidiwa, kiwe cha majini au cha barabarani, ashtakiwe hata siku ambayo kimefika salama.