Nia na Tendo: Swali la Mwenye Gari

Katika Sura An-Nahl, aya ya 9, Kurani Tukufu inawataja farasi, nyumbu na punda, na kueleza kwamba Mwenyezi Mungu aliwaumba ili wanadamu wawapande na pia wawe pambo. Kisha inaongeza kwamba Yeye ataumba vitu ambavyo watu hawajavijua. Sisi Waahmadiyya tunaamini kwamba maneno hayo ya mwisho, pamoja na bishara ya kuachwa kwa ngamia iliyomo katika Sura At-Takwir, aya ya 5, yametimia mbele ya macho ya ulimwengu katika zama za Masihi Aliyeahidiwa, Seyidna Ahmad a.s., kwa kuja kwa reli, motokaa na ndege. Lakini mara nyingi tunaishangilia bishara na kuisahau nusu ya kwanza ya aya. Chombo cha kusafiria kina mambo mawili ndani yake: kubeba na kupamba. Na pale palipo na pambo, moyo wa mwanadamu hauko mbali na mtihani.

Mtihani huo niliuona waziwazi mwaka jana, nilipotoka likizo katika chuo cha dini ninakofundisha ng'ambo, nikakaa siku chache Nyamisangura, katika mji wa Tarime. Jioni moja baada ya swala ya Magharibi alikuja nyumbani kwa mwenyeji wangu mtu mmoja mfanyabiashara, ambaye huenda Sirari mpakani karibu kila siku kwa ajili ya biashara yake. Mtu huyo si Mwislamu, bali alikuwa akiuliza habari za dini kwa miezi kadhaa. Alikuwa amenunua gari liitwalo haibridi, lililotumika Japani, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Gari la namna hiyo halihitaji kuchomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Dereva anaposhika breki, nguvu ya mwendo ambayo ingepotea bure hugeuzwa umeme na kuwekwa ndani ya betri, kisha hutumika tena wakati wa kuondoka. Kwa njia hiyo hula mafuta kidogo na kutoa moshi kidogo, hasa katika mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka.

Akasema: "Sheikh, nina swali. Mwalimu mmoja alinisifu mbele ya watoto wa shule kwamba mimi ninayatunza mazingira ya Mwenyezi Mungu, na kwamba wao wanifuate. Nikanyamaza, nikatabasamu. Lakini ukweli ni kwamba sikuyafikiri mazingira hata dakika moja. Nilifikiri bei ya petroli. Je, nina thawabu yoyote katika gari hili, au nina dhambi?"

Ndugu msomaji, swali hili linaonekana dogo, lakini ndani yake mna swali ambalo wenye hekima wamelijadili karne nyingi: Je, thamani ya tendo imo katika faida yake, au katika nia ya mtendaji?

Tuanze kwa kuzitazama sababu za watu. Gari la kwanza la haibridi kuuzwa kwa wingi duniani, Toyota Prius, lilitolewa Japani mwaka 1997. Mwaka 2007 kampuni moja ya utafiti wa masoko huko Marekani iliwauliza wanunuzi wa gari hilo sababu yao kubwa ya kulinunua. Asilimia 57 walijibu kwamba gari hilo linawatangazia watu wao ni nani. Waliotaja kubana mafuta walikuwa asilimia 36 tu. Wakati huohuo Honda nao walikuwa wakiuza Civic ya haibridi, lakini umbo lake lilifanana na Civic nyingine zote, jirani asiweze kuitambua mpaka asome maandishi yake ya nyuma. Na Prius, ambayo hutambulikana kwa mbali, iliishinda mno sokoni. Hapa kwetu sababu ni nyingine. Mwaka 2022 bei ya petroli nchini Tanzania ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na mtu aliye mbali na bandari ya Dar es Salaam hulipa zaidi, kwa kuwa gharama ya kuyasafirisha mafuta huongezwa juu yake. Basi mmoja hununua kwa ajili ya mfuko, mwingine kwa ajili ya jina, na wachache kwa ajili ya hewa wanayovuta viumbe vya Mungu. Gari ni moja, moshi ni uleule, lakini nyoyo ni tatu.

Sasa yafaa tumsikilize Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. Katika hadithi iliyosimuliwa na Abu Huraira r.a. na kuhifadhiwa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume s.a.w. alifundisha kwamba farasi huwa ni wa watu wa namna tatu. Kwa mmoja farasi ni thawabu, naye ni yule aliyemfuga kwa ajili ya njia ya Mwenyezi Mungu. Kwa wa pili farasi ni sitara, naye ni yule aliyemfuga ili ajitegemee asiwaombe watu, wala hakuisahau haki ya Mungu iliyo juu ya mnyama huyo. Kwa wa tatu farasi ni mzigo wa dhambi, naye ni yule aliyemfuga kwa kujivuna na kujionyesha na kwa uadui juu ya waumini. Masahaba wakamwuliza: Je, punda nao? Akawajibu kwamba hakuna kilichoteremshwa mahususi juu ya punda, isipokuwa ile aya yenye kukusanya yote, isemayo habari za wema na ubaya wa uzito wa chembe, nayo imo katika Sura Az-Zilzal. Basi kama punda wameingia katika aya hiyo, motokaa nazo zimeingia.

Kutokana na hadithi hii nilimjibu yule ndugu kwamba asiidharau sababu yake. Mtu anayetafuta akiba ili alipe karo ya watoto wake na asinyooshe mkono kwa watu, huyo si mtu duni. Uislamu haukuifanya shilingi ya halali kuwa najisi. Yeye ni mtu wa pili katika wale watatu, na gari lake ni sitara. Kosa lake halikuwa katika petroli. Kosa lake lilikuwa katika tabasamu lile. Kurani Tukufu, katika Sura Aali Imran, aya ya 189, inawaonya wale wanaopenda kusifiwa kwa mambo wasiyoyafanya. Alipopewa sifa isiyo yake akaipokea, alianza kuhama kutoka daraja la pili kwenda la tatu, na gari halikubadilika hata kidogo.

Pengine msomaji mmoja atapinga na kusema: "Hewa haiulizi nia. Moshi ukipungua umepungua, hata mwenye gari akiwa mnafiki. Kwa nini tushughulike na nyoyo?" Hoja hii ina ukweli ndani yake, wala hatuukatai. Mgonjwa wa pumu hapati nafuu kwa nia ya dereva, bali kwa hewa safi. Lakini mwenye kusema hivi anatazama siku moja tu. Nia ni mzizi, nao hujulikana wakati wa kiangazi. Aliyenunua kwa ajili ya mfuko peke yake, petroli ikishuka bei ataliacha gari hilo, au kwa kuwa safari zimekuwa rahisi ataendesha maradufu na moshi utarudi palepale. Aliyenunua kwa ajili ya jina atakuwa mwema mahali penye macho ya watu tu. Na siku betri itakapokufa, ni nani atakayeuliza itupwe wapi, isije ikapasuliwa uani wanapocheza watoto? Tena, betri nyingi za magari ya namna hii zina madini ya kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika eneo la Kolwezi, ambako hata watoto wameonekana wakichimba na kuosha mawe. Mwenye kutafuta jina la usafi hatataka kuisikia habari hiyo, kwa maana inamharibia pambo lake. Lakini mwenye nia ya kutodhuru kiumbe ataisikia, ataumia, na atatafuta afanye nini. Kwa hiyo nia haihesabiwi mbinguni tu. Hapa duniani pia ndiyo inayoamua tendo litakalofuata.

Mwingine atapinga kwa upande wa pili: "Kama nia ni kubwa hivyo, basi afadhali mtu asitende jema lolote mpaka moyo wake uwe safi kabisa." Huu ni mtego wa Shetani, na umewanasa wengi. Anayengoja kuoga mpaka awe safi hataoga milele. Nia si jiwe lililokamilika siku ya kwanza. Ni mche, nao hukua kwa kumwagiliwa. Ilielezwa katika hadithi ileile kwamba farasi wa yule mtu wa kwanza akipita mtoni akanywa maji, hata kama bwana wake hakukusudia kumnywesha, huandikiwa mema. Rehema ya Mungu ikikuta mwelekeo mzuri, huhesabu hata yale ambayo mtu hakuyapanga. Yule mtu wa sitara naye anaweza kupanda daraja: amchukue mama mjamzito usiku kumpeleka hospitali, ampe lifti mzee aliyebeba mzigo, na akumbuke kwamba moshi asioutoa ni haki ya majirani zake. Katika masharti kumi ya baiati yaliyowekwa na Masihi Aliyeahidiwa a.s., sharti la nne linamtaka muumini asiwadhuru viumbe vya Mungu kwa mkono wala ulimi wala njia nyingine yoyote. Hapana shaka moshi na taka ni miongoni mwa njia hizo nyingine.

Nilidhani nimemaliza. Lakini yule ndugu aliinama kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Sheikh, sikuja hasa kwa ajili ya gari. Kuna dada mmoja wa Jumuiya yenu ninayetaka kumwoa. Wazee wake wameniambia kwamba binti Muahmadiyya huolewa na Muahmadiyya. Nimevisoma vitabu vyenu, na vingi nimevikubali. Lakini kila nikitaka kushika kalamu nijaze fomu ya baiati, nakumbuka lile tabasamu langu mbele ya watoto. Naogopa mtanisifu kwa kumtafuta Mungu, nami nilimtafuta mwanamke."

Ndugu msomaji, wewe unayechunguza dini, au uliyeingia juzi, labda una jambo kama hilo moyoni. Mmoja aliletwa na rafiki, mwingine na kazi, mwingine na ugomvi katika dini yake ya zamani. Hata mimi, nilipokubali ujanani kwenda chuoni ng'ambo, sehemu moja ya furaha yangu ilikuwa kupanda ndege. Nimeomba maghufira kwa ajili ya hiyo mara nyingi, na sijutii kwamba nilikwenda.

Lakini haifai pia tulifanye jambo hili kuwa jepesi. Mtukufu Mtume s.a.w., alipofundisha kwamba matendo hupimwa kwa nia, alitoa mfano wa hijra yenyewe: aliyehama kwa ajili ya Mungu na Mtume Wake, hijra yake imewafikia hao, na aliyehama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kumwoa, amepata hicho alichokiendea, wala si zaidi. Tazama, alichagua mfano wa tendo kubwa kuliko yote ya siku zile, ili asiwepo mtu atakayejificha nyuma ya ukubwa wa tendo lake.

Basi nilimwambia hivi: "Ndugu yangu, usijaze fomu hiyo kwa ajili ya dada huyo. Wala usiikimbie kweli kwa sababu tu uliikuta njiani ukimfuata yeye. Kumpenda mke mwema si dhambi, ni sitara. Ila jiulize swali moja usiku, ukiwa peke yako: kama kesho ataolewa na mtu mwingine, je, keshokutwa alfajiri nitasimama kuswali? Ukipata jibu la ndiyo, njoo. Ukipata jibu la hapana, endelea kusoma na kuomba dua, nasi tutabaki ndugu zako. Na wazee wa dada huyo uwaambie kweli kama ulivyoniambia mimi."

Hakunijibu usiku ule. Aliwasha gari lake, likaondoka pasipo sauti, kama yafanyavyo magari hayo yanapotumia umeme. Siku ya pili mwenyeji wangu alinieleza kwamba alimwona yule ndugu shuleni, akizungumza na mwalimu yule aliyemsifu. Alikwenda kumwambia kwamba alilinunua gari kwa ajili ya bei ya petroli, na kwamba mazingira ameanza kuyafikiri sasa.

Habari ya baiati yake sinayo mpaka leo, nami simharakishi. Lakini aliyeweza kuirudisha sifa isiyo yake, tumaini langu juu yake ni kubwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyochanganyika katika nia zetu, azitakase nyoyo zetu kidogo kidogo mpaka tumwelekee Yeye peke Yake, na avifanye vyombo vyetu kuwa thawabu au sitara, wala visiwe mzigo juu ya migongo yetu. Amin.