Thamani ya Chombo

Msomaji mpenzi, kila kitu kina hesabu mbili: bei na thamani. Bei hujulikana dukani kwa siku moja; thamani hujulikana kwa matumizi na muda. Mtu anayechanganya hesabu hizi huweza kudharau kilicho chema na kutukuza kilicho ghali. Tulipime jambo hili kwa chombo ambacho vijana wengi hukitamani, nacho ni gitaa la umeme.

Fikiri kijana wa Malindi aliyenunua gitaa la bei nafuu kwa akiba ya mwaka mzima. Nyuzi zinamuumiza vidole, sauti inakwaruza, na noti za juu zinatoka upogo. Wenzake wanacheka, naye anaona haya. Moyo unamwambia alitupe, akope fedha, anunue la fahari. Je, autii?

Nahodha wa Kilifi hatupi mashua kwa sababu inavuja. Hutafuta ufa ulipo, kisha akaukalafati. Insafu yataka vivyo hivyo: upelelezi utangulie hukumu.

Makosa ya gitaa hilo ni ya namna tatu. La kwanza ni la haraka. Gitaa rahisi mara nyingi hutoka kiwandani bila kurekebishwa vema, maana saa za fundi ni gharama. Shingo yake hupindwa na mvuto wa nyuzi, na unyevu wa pwani huusumbua mti wake. Lakini magitaa mengi yana ufito wa chuma ndani ya shingo. Ukizungushwa kwa hadhari, robo ya mzunguko kwa mara moja, shingo huweza kunyooshwa. Tena, uzi ukibanwa penye kijiti cha chuma cha kumi na mbili, yaani katikati ya urefu wake, hauna budi kutoa noti ya uzi mtupu, oktava moja juu. Sauti ikizidi, kikalio cha uzi husogezwa nyuma ili uzi urefuke. Kazi hii yataka bisibisi, sikio na subira kuliko mali.

La pili ni udhaifu wa vifaa. Vigingi vilivyolegea, vitufe vinavyokwaruza, na nyuzi zilizoliwa na kutu ya chumvi ya bahari hubadilishwa kimoja kimoja, kwa kadiri ya mfuko.

La tatu ni la mkono usiojifunza. Kosa hili haliponywi na duka lolote. Anunuaye gitaa jipya kwa ajili ya mkono mvivu, hununua shahidi mpya wa uvivu wake.

Pwani hii ya Kilifi ilimzaa Fundi Konde mwaka 1924, mmoja wa watu wa kwanza kupiga gitaa la umeme nchini Kenya. Alifariki mwaka 2000, na nyimbo zake zingali zikisikilizwa. Wazisikilizao hawaulizi gitaa lake lilinunuliwa kwa shilingi ngapi.

Sisemi kwamba kila kitu rahisi ni chema. Iko shingo iliyopinda hata isinyoshoke, na kuitumainia ni kujidanganya. Mchagua jembe si mkulima, lakini mkulima naye hunoa jembe lake kabla ya kulilaumu, na likivunjika hutafuta jingine bila haya.

Basi, msomaji, kijana yule na aanze kwa bisibisi, si kwa deni. Nawe ukumbuke kwamba hukumu tunayokosea juu ya vyombo, twaikosea zaidi juu ya watu. Mwanafunzi akaaye nyuma darasani, ambaye wote wamekwisha kumwita mjinga, huenda hana kasoro ila moja: hajapata mtu wa kuketi naye na kutafuta ufa ulipo. Gitaa lililotupwa bure ni hasara ya shilingi. Mtu aliyetupwa bure ni hasara isiyo na hesabu.